Mama, Maandishi Yako Yanalala Wapi?

Siku hizi akina mama wengi ni waandishi, ingawa wenyewe hawajiiti hivyo. Yupo anayeandika mapishi na wenzake wakayajaribu jikoni. Yupo anayetunga hadithi fupi za kuwasomea watoto kabla ya kulala. Mwingine ana mtoto aliyezaliwa njiti, naye ameandika wiki baada ya wiki jinsi alivyombeba kifuani mpaka akaongezeka uzito. Mwingine huwafundisha wanawake wa mtaa wake kufuga kuku wa mayai. Zamani mambo kama hayo yaliandikwa katika daftari la kaunta, likawekwa kabatini pamoja na kadi za kliniki. Leo yanaandikwa kwenye simu na kupelekwa moja kwa moja mtandaoni, mara nyingi mahali pamoja tu, na nakala nyingine haipo.

Hebu jiulize, mama msomaji: kama kesho asubuhi ukurasa wako hautafunguka, utabaki na nini mkononi?

Tunauliza kwa sababu katika kazi yetu ya uuguzi, na katika vikundi vya akina mama tunavyovihudumia kanisani, tumeona wanawake wakiyalilia maandishi yao kama mtu anavyolilia nyumba iliyoungua. Kulinda maandishi hayo kunahitaji utaratibu zaidi kuliko fedha.

Nyumba ya kupanga

Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ukurasa wako mtandaoni ni chumba cha kupanga. Umekipamba na wageni wanakijua, lakini mwenye nyumba ni mwingine, na siku akiamua kuuza au kubomoa, wewe utapewa taarifa tu. Pengine hata hiyo usipewe.

Hayo yamekwisha kutokea mara nyingi. Mwaka 1994 huko Marekani ulianzishwa mtandao uliokuja kuitwa GeoCities, ambapo mtu wa kawaida aliweza kujitengenezea kurasa zake bila malipo. Ulipangwa kama mji wenye mitaa, na mtaa mmoja, Heartland, ulikuwa wa mambo ya familia. Humo akina mama waliweka mapishi, habari za ukoo, na hata kurasa za kumbukumbu za watoto waliofariki. Kampuni ya Yahoo iliununua mwaka 1999. Tarehe 26 Oktoba 2009 ikaufunga. Watu wa kujitolea walikesha wakinakili walichoweza kukiokoa, lakini si kila kitu kiliokolewa.

Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa humo miaka mingi kabla ya 2016 zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Nyimbo peke yake zilikisiwa kufika milioni 50. Mwaka huo huo Google ilifunga mtandao wake wa Google+. Na hivi karibuni, mwezi wa Agosti 2025, Typepad, iliyokuwa imehifadhi blogu za watu tangu mwaka 2003, iliwatangazia wateja wake kwamba itafunga milango tarehe 30 Septemba. Waliandika kwa zaidi ya miaka ishirini, wakapewa mwezi mmoja kufungasha. Mwanamke aliyekuwa amelazwa hospitalini mwezi ule, au aliyekuwa na msiba, angejua saa ngapi?

Huenda ukasema, hao ni wa mbali. Lakini kumbuka Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja, dunia nzima, kwa muda wa saa sita hivi, kwa sababu ya kosa lililofanyika katika matengenezo ya mitambo yao wenyewe. Watu walizima simu na kuziwasha, wakadhani bando limekwisha. Serikali nazo huweza kufunga njia. Nchini Uganda Facebook ilizuiwa Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi. Kwetu Tanzania mtandao wa X ulizuiwa mwezi wa Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa. Hatuingii katika siasa za jambo hilo. Tunachosema ni kwamba siku kama hizo hata mtu mwenye kurasa kumi hakuweza kufungua hata mmoja, na aliyekuwa na karatasi ndiye aliyesoma.

Mwizi haombi ufunguo mara mbili

Kampuni kufungwa ni jambo la mara chache. Kinachowapata akina mama mara nyingi zaidi ni wizi wa akaunti.

Mama mmoja tunayemfahamu ana mtoto wa kiume mwenye selimundu. Tangu mtoto alipogundulika alikuwa akiandika katika ukurasa wake: lini maumivu yalianza, yalidumu siku ngapi, walilazwa wapi, aliongezewa damu au la. Aliwaeleza wenzake jinsi anavyomkumbusha mtoto kunywa maji, jinsi anavyomkinga na baridi ya alfajiri, kwa nini chandarua hakikosi hata usiku mmoja, na kwamba homa kwa mtoto kama huyo haingoji kesho, ni kwenda hospitali saa ile ile. Aliandika kwa miaka sita. Wazazi wengi walimfuata. Tumewahi kukutana wodini na mama mgeni kabisa aliyejua namna ya kupapasa bandama ya mwanawe, na tulipomuuliza amefundishwa na nani, alilitaja jina la ukurasa ule.

Siku moja alipigiwa simu na mtu aliyejidai ni mfanyakazi wa mtandao ule. Akaambiwa ukurasa wake unataka kufungwa kwa malalamiko, na kwamba ili kuuokoa asome tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Akazisoma. Ndani ya dakika chache namba yake na barua pepe yake zilikuwa zimebadilishwa. Jioni ile ukurasa ukaanza kuomba michango: mtoto amelazwa, hali ni mbaya, tuma kwa namba hii. Wazazi waliompenda walituma. Wengine walikopa wakatuma.

Alilalamika kwa wenye mtandao mara nyingi bila kujibiwa na mtu. Mwishowe ukurasa uliondolewa kwa sababu ya utapeli, na miaka sita ya maandishi ikaondoka nao.

Hasara ilionekana wazi baadaye, kliniki. Daktari alikuwa akifikiria kumwanzishia mtoto haidroksiyurea, dawa inayopunguza mashambulizi ya maumivu, naye akauliza swali la kawaida: kwa mwaka uliopita alipata maumivu makali mara ngapi, na alilazwa mara ngapi? Mtoto alikuwa ametibiwa katika hospitali tatu tofauti. Hesabu kamili ilikuwa katika ukurasa ule tu. Kilichosaidia ni kwamba msomaji mmoja, mama anayeishi mkoa mwingine, alikuwa akiyanakili maandishi yale kwa mkono katika daftari la shule la binti yake. Yalikuwa kama ishirini hivi. Tulikaa na mama yule alasiri mbili, tukiunganisha daftari lile na kadi za hospitali na picha zilizobaki kwenye simu za marafiki, mpaka mwaka mmoja ukapata sura. Miaka mitano mingine haikupatikana.

Kueneza kwa mpango

Sasa tuje kwenye la kufanya. Kuna wanaodhani kueneza maandishi ni kuandika huku leo, kule kesho, bila mpango. Hapana. Andiko liwe na kwao, na kutoka kwao lipelekwe ugenini.

Kwao ni nyumbani kwako. Andika kwanza katika programu ya kuandikia iliyomo kwenye simu au kompyuta, si ndani ya ukurasa wa mtandao. Ukimaliza, lihifadhi, kisha ndipo ulipeleke. Mwisho wa mwezi nakili yote katika flashi, na yale yasiyofidika yapeleke steshenari yachapwe. Watu wa picha na kompyuta wana kanuni yao waiitayo tatu-mbili-moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Kwa mama wa kawaida hiyo ni simu, flashi, na karatasi zilizo kwa dada yake. Moto, mafuriko au mwizi wa dirishani hawezi kuzifikia zote kwa usiku mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Stanford wakutubi walianzisha mwaka 1999 mpango mzima wa kuhifadhi majarida ya kitaalamu kwa wazo hilo hilo, kwamba nakala nyingi zilizo mikononi mwa watu mbalimbali ndizo hulinda kitu kisipotee.

Baada ya kwao, tafuta mahali penye jina lako. Blogu inafaa, kwa sababu huduma kama Blogger na WordPress hukuruhusu kuchukua maandishi yako yote katika faili moja na kuondoka nayo. Ukiwa na uwezo, nunua na jina lako mwenyewe la mtandao, lile linaloishia na .co.tz au .co.ke, hulipiwa kila mwaka. Faida yake ni kama ya sanduku la posta. Ulihama kutoka Magomeni kwenda Mbagala, sanduku likabaki lile lile na barua zikakufikia. Vivyo hivyo blogu yako ikifungwa, unapeleka nakala yako kwa mwenye nyumba mwingine, na wasomaji wanakuja kwa anwani ile ile waliyoizoea.

Hapa Tanzania uliza kwanza kuhusu sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kukata leseni, na kwa kuanzia gharama zilizidi shilingi milioni mbili. Blogu nyingi zilinyamaza mwaka ule. Kanuni hizo zimerekebishwa tangu hapo, basi ni vyema kuwauliza wenyewe TCRA ni nini kinachokuhusu kabla hujaanza.

Kisha yapeleke pale watu walipo: kundi la WhatsApp, Facebook, Instagram, au sauti yako ikisoma hadithi katika YouTube. Lakini hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Facebook, Instagram na WhatsApp zote ni za kampuni moja, Meta. Blogger, YouTube na Gmail zote ni za Google. Mama anayejisifu kwamba ameweka maandishi yake sehemu tatu, kumbe zote ni za Meta, ameyaweka katika vyumba vitatu vya nyumba moja. Siku ile ya Oktoba 2021 vyumba vyote vitatu vilifungwa kwa pamoja. Chagua wenye nyumba tofauti.

Tena, WhatsApp si ghala. Ujumbe ukishafika kwa mwenzako hauendelei kukaa kwenye mitambo yao. Unakaa kwenye simu zenu. Simu ikiibiwa na huna nakala ya akiba, umepotea. Akaunti isipotumika kwa siku 120 nayo kwa kawaida hufutwa. Kama kundi lenu lina mafundisho mazuri, yatoe humo kwa kuituma historia ya mazungumzo kwenye barua pepe, kisha uyapange.

Njia moja akina mama huidharau, nayo ni barua pepe kwa wasomaji. Ina sura ya kizamani. Lakini orodha ya anwani za watu waliokubali kuandikiwa ni mali yako. Unaweza kuiandika hata daftarini. Mama yule wa selimundu angekuwa na orodha ya watu mia mbili tu, angewaonya usiku ule ule kwamba anayeomba michango si yeye. Kwa sababu hiyo hiyo, kila mahali unapoandika, taja mahali pengine unapopatikana. Msomaji akiujua mlango wako wa pili, mwizi aliyekalia wa kwanza hadumu.

Liko pia ghala la Internet Archive la San Francisco, lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo hunakili kurasa za mtandao wa dunia. Unaweza kuwapa anwani ya ukurasa wako ulio wazi nao wakauhifadhi bila malipo. Ni msaada mkubwa, ila usiuegemee peke yake. Oktoba 2024 ghala hilo lenyewe lilishambuliwa na wadukuzi, likawa halipatikani kwa siku kadhaa.

Milango mingi, funguo nyingi

Ukiongeza milango umeongeza pia mahali pa kuingilia mwizi. Hatusemi hivyo kukutisha, bali ufunge kila mmoja. Kila akaunti iwe na neno lake la siri. Wengi hutumia jina la kifungua mimba na mwaka wake wa kuzaliwa, kila mahali, na mtaa mzima unaujua. Yaandike maneno hayo katika daftari dogo linalokaa nyumbani, si aibu. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lako.

Barua pepe ndiyo ufunguo wa nyumba zote, kwa kuwa ukisahau neno la siri, mtandao hukutumia jipya huko. Anayeishika barua pepe yako amekushika wewe. Iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za dharura unazopewa uzichape na kuzitunza. Katika WhatsApp weka namba ya siri ya tarakimu sita. Zile tarakimu zinazokuja kwa ujumbe mfupi usimsomee mtu yeyote, awe anajiita ofisa, mchungaji au mtoto wa dada. Hakuna kampuni inayopiga simu kuziuliza.

Na laini ya simu je, imesajiliwa kwa jina la nani? Tunakutana na akina mama ambao laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji, au cha kijana aliyekuwa akiuza laini barabarani. Siku ikipotea, huwezi kuirudisha bila mtu huyo na kidole chake. Tena laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, naye ataanza kupokea tarakimu za akaunti zako.

Si kila andiko lienezwe

Hili tunalisema kama wauguzi. Andiko lililofika sehemu tano halirudi. Mtoto unayemwandika leo kwamba anakojoa kitandani atakuwa na miaka kumi na minne, na wenzake darasani wana simu. Majibu ya vipimo, kadi ya kliniki yenye jina na namba, picha ya mtoto akiwa na dripu, hali ya maambukizi ya mtu yeyote wa nyumba yako: hayo yabaki katika nakala ya nyumbani. Waweza kuwasaidia wazazi wengine bila jina la mtoto. Nchini Kenya sheria ya ulinzi wa data ilipitishwa mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kumfutia mtoto kicheko cha darasani.

Jambo jingine ni kwamba maandishi ya zamani hayajui kuwa yamezeeka. Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Fikiria ushauri wa aina hiyo ungekuwa umeenea sehemu sita na mwenyewe amekwisha sahau nne. Ukiandika juu ya afya, weka tarehe juu ya kila andiko, na katika daftari lako uorodheshe limepelekwa wapi, ili siku mwongozo ukibadilika ujue pa kwenda kusahihisha.

Usiku wa kuamkia Jumapili, watoto wakishalala, saa moja kwa mwezi inatosha kwa kazi hii yote. Kama una binti wa sekondari, mpe sehemu yake. Kunakili kwenye flashi atakufundisha yeye.

Mwisho, yafikirie maandishi yako siku utakapokuwa huwezi kuyashughulikia. Tangu Desemba 2023 Google huweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na barua na picha zilizomo. Mama anayeugua muda mrefu, au anayekaa kijijini kumwuguza mzazi, anaweza kuufikia muda huo bila kuhisi. Ingia katika kila akaunti yako angalau mara moja katika miezi michache. Google hukuruhusu pia kumtaja mtu atakayepewa vilivyomo akaunti yako ikikaa kimya kwa muda unaouchagua wewe, na Facebook hukuruhusu kumtaja wa kuutunza ukurasa wako baada ya kufa. Zungumza na mume wako, au na mtoto mkubwa unayemwamini. Kisha andika jina la mtu huyo katika daftari lile lile la maneno ya siri, na umwonyeshe linakaa wapi.